Barua ya wazi: Mliuhamisha mkonge, waliomo ndani mkawatupa

Tucson, Arizona
28 Septemba

Kwa wakuu wa mamlaka inayosimamia mteremko wa mashariki na barabara yake mpya

Waheshimiwa,

YAH: KUKATWA MAJANI, KUTIWA DAWA NA KUHAMISHWA KWA MIKONGE-PORI BILA KUKAGUA VIPEPEO WALIOMO

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Nimeshawaandikia mara tatu kwa Kiingereza. Barua ya kwanza ilijibiwa na mashine, ikanishukuru kwa maoni yangu. Ya pili haikujibiwa kabisa. Ya tatu niliileta mwenyewe, mtu wa mapokezi akaigonga muhuri, nami nikarudi nyumbani na nakala. Muhuri ule ndio neno pekee nililowahi kupata kutoka ofisini kwenu. Kwa hiyo leo naandika hadharani, na naandika kwa Kiswahili, kwa sababu hapa Tucson tunaishi na familia nyingi za Wakongo na za majirani zetu wengine wa Maziwa Makuu, na vijana wao ndio waliokodiwa na mkandarasi wenu kushika panga. Nataka wajue walikuwa wanakata nini. Nataka pia wajue kwamba simlaumu hata mmoja wao. Tafsiri ya Kiingereza ya barua hii mtaipata mezani siku hiyohiyo.

Nilizaliwa kwenye kambi ya shamba la mkonge, Muheza, mkoani Tanga. Baba yangu alikuwa mkataji. Alfajiri alitoka na kisu chake, jioni alirudi mikono inamwasha hadi viwikoni kwa maji ya mkonge, na mama alimpaka mafuta ya nazi kabla hajala. Kwetu mkonge ulikuwa mistari, iliyonyooka hadi macho yanachoka, na kila mstari ulikuwa na mwenyewe ambaye hakuwa sisi. Ndiyo maana, mwaka niliofika Arizona, nilipouona mkonge umejiotea juu ya mwamba, hauna mstari wala msimamizi, nilisimamisha gari pembeni nikashuka kuutazama.

Tanga mkonge ni mgeni. Asili yake ni Mexico. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na baada ya safari ya meli ikafika hai 62 tu. Ilifika miche mitupu. Nimekulia katikati ya mkonge usio na idadi na sikuwahi kumwona kipepeo akizaliwa ndani ya jani lake. Fukusi, mdudu anayetoboa mkonge, alikuja kuufuata hadi kwetu, lakini vipepeo walibaki huku. Ilibidi nifikishe umri wa kuwa bibi, na kuhamia upande wa pili wa dunia, ndipo nikajua kwamba mmea uliomlisha baba yangu una watoto wengine unaowalisha.

Vipepeo hao wataalamu huwaweka katika jenasi Agathymus. Mimi nitawaita warukaji wakubwa, maana hawapepei kama vipepeo wa bustanini: huchomoka kama kitu kilichorushwa kwa manati. Mwili ni mnene, mabawa ni ya kahawia iliyokolea yenye madoa ya manjano, na yakikunjuliwa upana wake ni kama sentimita 4 hadi 6. Kila aina ina mkonge wake. Agathymus aryxna wa mteremko wetu hutegemea Agave palmeri, ule mkonge mkubwa wa majani mapana. Agathymus polingi hutegemea Agave schottii, mdogo, wa majani membamba kama sindano za kushonea magunia. Kwenye Grand Canyon yupo Agathymus alliae anayeishi kwenye Agave utahensis, na magharibi mwa Texas yupo Agathymus mariae anayeishi kwenye mkonge uitwao lechuguilla. Ndugu zao wa jenasi Megathymus wamechagua yuka, mmea wa jangwani ulio jamaa ya mkonge, na viwavi wao huchimba hadi mzizini.

Maisha ya huyu wa kwetu nitayaeleza taratibu, kwa sababu malalamiko yangu yote yanatoka humo. Vuli jike huangusha mayai yake juu ya mkonge au kando yake, bila kuyagandisha. Kiwavi akianguliwa hutoboa jani karibu na ncha, akapitisha humo miezi ya baridi. Joto likianza kurudi huhama, akashuka hadi kwenye kitako cha jani palipo nene, na hapo huchimba chumba. Kiangazi chote yumo, anakula nyama ya jani na kunywa utomvu wake, wakati nje hata mawe hayashikiki. Kabla ya kugeuka pupa huupanua mlango, kisha huufunika kwa kilango cha hariri. Mvua za kiangazi zikipita, kipepeo hukisukuma kilango na kutoka. Tangu hapo jike hali kitu. Dume hufyonza unyevu wa matope tu. Karibu chakula chote cha maisha yao wamekila ndani ya jani.

Sasa hesabuni miezi. Vuli na baridi yumo kwenye ncha, masika na kiangazi yumo kwenye kitako. Ukiondoa wiki chache za vuli, hakuna wakati ambao jani la mkonge-pori unaweza kulikata ukasema lilikuwa tupu.

Juni mwaka huu kijana mmoja wa Uvira, jirani yangu, alinigongea mlango jioni akiwa bado amevaa glavu za kazi. Mkononi alishika kitako cha jani, kimekatwa kwa pigo moja. "Mama," akaniambia, "uyu mududu anakaaka mu jani?" Tukaliweka juu ya gazeti, mezani jikoni. Palikuwa na tundu la mviringo, na ndani yake chumba kilicholainishwa kama tumbo la kibuyu. Kiwavi alikuwa mweupe wa kuelekea buluu kwa mbali, kichwa cheusi, anajikokota kurudi nyuma ili auepuke mwanga wa taa. Yule kijana akatabasamu akauliza kama huliwa, maana kwao viwavi ni kitoweo. Nikamwambia Mexico huliwa: Aegiale hesperiaris, ndugu wa huyu anayeishi kwenye mikonge mikubwa ya pombe ya pulque, hukaangwa viwavi wake tangu kabla Wahispania hawajafika. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema tangu asubuhi amekata mikonge mingi sana na huyu ndiye pekee aliyemwona, kwa sababu panga lilipita kando ya tundu badala ya kupita juu yake.

Jani lilikauka siku ya nne. Kiwavi hakufika siku ya sita.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Majani. Kwenye ubao wenu pale mwanzo wa njia ya miguu mmebandika tangazo kwamba mikonge yote iliyokuwa kwenye ramani ya barabara "imeokolewa". Nimetazama uokoaji huo kwa asubuhi tatu mfululizo. Mkonge huzungushiwa panga kwanza: majani yote ya chini hukatwa ili uwe mwepesi na usiwachome watu miiba, kisha hufungwa kamba, hung'olewa na kupakiwa. Matundu niliyowahi kuyaona kwenye mteremko ule mengi yalikuwa kwenye majani hayohayo ya chini. Majani yaliyokatwa yakarundikwa karibu na geti, rundo likanipita urefu, na Ijumaa ikaja mashine ya kusaga. Nilichokoa pembeni mwa rundo kwa fimbo kabla haijafika. Kwa muda mfupi nikapata vitako saba vyenye matundu. Nilipomwendea msimamizi wa kazi na vitako hivyo mikononi, alikuwa mpole. Aliniambia yeye amepewa orodha ya mikonge ya kuhamisha, na kwenye orodha hakuna mahali pa kuandika kipepeo.

Hilo ndilo kosa, Waheshimiwa, na ni kosa la mezani, si la panga. Mmehesabu mimea. Mmea ukifika kule ng'ambo ukashika udongo, mnaandika umeokoka. Waliokuwa wakiishi ndani yake wamesagwa na kutandazwa kwenye vitalu vyenu kuzuia magugu.

2. Dawa. Mikonge iliyohamishwa imemwagiwa mizizini dawa ya imidacloprid kumzuia fukusi. Namfahamu fukusi, sibishani kuhusu ubaya wake: hutoboa moyo wa mkonge, huingiza uozo, na mmea mzima hulala chini kama mwavuli uliovunjika. Lakini dawa hii haibaki udongoni. Mizizi huinywa na kuipandisha hadi kwenye majani, nayo haina jicho la kumtambua fukusi na kumwacha kiwavi wa kipepeo. Yeyote anayekula jani ameila. Kwa hiyo hata yule kiwavi aliyebahatika kusafiri ndani ya jani lisilokatwa, mmemkuta kule alikopelekwa. Kwenye bustani ya mtu, mbele ya nyumba, ningeelewa. Kwenye eneo mliloliandikia kibao cha "makazi ya viumbe asilia", sielewi.

3. Mikonge ya badala. Mmepanda Agave americana, miwili kwa kila mmoja uliokufa, na mmeitangaza hesabu hiyo. Ni mkonge mzuri, mkubwa, wa rangi ya kupendeza, na bustani nyingi za mji huu zinao. Lakini aryxna wa mteremkoni alikuwa akiishi kwenye palmeri. Ni sawa na mtu kukuchukulia mbuzi wako wa maziwa akakulipa kondoo wawili, kisha akakuuliza unalalamika nini.

4. Milingoti. Mei mlikata milingoti michanga yote, yaani yale mashina marefu yanayobeba maua ya mkonge, kando ya barabara mkihofia itaangukia magari. Mkonge huu huchanua mara moja tu. Hukusanya nguvu miaka mingi, hutoa mlingoti unaomzidi mtu urefu mara mbili, huzaa mbegu, hufa. Ukiukata mlingoti kabla ya maua, umekata uzao wa maisha yote ya mmea ule, na viwavi wa miaka ijayo hawatakuwa na mkonge mchanga wa kuishi ndani yake. Tena kuna wageni wengine wanaoifuata milingoti hiyo: popo wa Leptonycteris yerbabuenae, wanaovuka kutoka Mexico kila kiangazi kunywa nekta ya maua yake. Mwaka 1988 waliwekwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini, na mwaka 2018 wakatolewa kwa sababu waliongezeka, jambo ambalo halijawahi kumtokea popo mwingine yeyote nchini Marekani. Watu wa kawaida wa mji huu walichangia: hutundika vyombo vya maji ya sukari barazani na kuandika kila asubuhi popo wamekunywa kiasi gani. Mimi ni mmoja wao. Msitufanye tuwape popo sukari ya dukani wakati chakula chao kimelala chini kando ya barabara yenu.

5. Kimya. Hili ni fupi. Mkutano wa wananchi ulifanyika siku ya kazi saa nne asubuhi, na tangazo lake lilibandikwa siku mbili kabla.

Najua majibu yatakayokuja, maana baadhi nimeyasikia kwa msimamizi wa kazi na mengine nayatarajia.

Mtasema sheria mmeifuata. Sheria ya mimea asilia ya Arizona inailinda mikonge na miyuka: haihamishwi bila kibali, na hata mwenye ardhi akitaka kuing'oa, sharti atoe taarifa kwanza kwa idara ya kilimo ya jimbo na asubiri. Nakubali kwamba taarifa mlitoa na vibali mlichukua. Lakini sheria ile inawaambia kiwango cha chini cha kufanya. Haikuwakataza kuchungulia ndani ya jani.

Mtasema mrukaji huyu hayumo kwenye orodha ya walio hatarini. Kwani mpaka aingie? Sheria ya viumbe walio hatarini ya mwaka 1973 inawatambua hata wadudu, na kuingia humo maana yake tumeshachelewa. Yule popo alihitaji miaka 30 kutoka kwenye orodha ile.

Mtasema ni kiwavi, na kiwavi ni mharibifu. Huyu si fukusi. Mkonge wenye kiwavi mmoja au wawili kwenye majani ya chini huendelea kukua. Nimeiona kwenye mteremko ule yenye matundu ya zamani yaliyokauka ikitoa milingoti kama mingine. Wameishi pamoja huku tangu kabla mwanadamu hajasokota kamba yake ya kwanza ya katani.

Mtasema kipepeo ana mabawa, atahamia kwingine. Kipepeo ndiyo, tena anaruka kwa kasi kuliko wengi. Aliyekuwamo kwenye jani mwezi Juni hakuwa na mabawa.

Na mtasema mlikuwa na haraka. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Kule mpakani na Mexico, mwaka 2019 na 2020, tingatinga ziling'oa kaktasi wakubwa wa saguaro ili ukuta upite, na serikali kuu ilitumia mamlaka iliyopewa na sheria ya mwaka 2005 kuziweka kando sheria za mazingira. Ninyi hakuna aliyewawekea sheria kando wala kuwashika mkono. Barabara hii ni ya maegesho na ya kupandishia watalii. Ilikuwa na uwezo wa kusubiri mwezi mmoja.

Wala sisemi mtu asiguse mkonge. Mimi nimelishwa kwa mkonge. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye mkonge uliokatwa. Huko Mexico wapo wanaokula viwavi hawa, na wanaojua kazi humtoa kiwavi bila kuuangusha mmea, kwa sababu mwaka kesho watarudi palepale. Ninachopinga ni kukata bila kutazama.

Na kila kona ya jangwa hili mzigo umeshazidi. Agosti 2020 moto wa Cima Dome, ndani ya Hifadhi ya Mojave huko California, uliteketeza miyuka ya Joshua inayokadiriwa kufika milioni 1.3, na wapo warukaji wa jenasi Megathymus wanaoutegemea mmea huo. Miaka mitatu baadaye California ilitunga sheria ya kuulinda mti wa Joshua wa magharibi, ndugu wa ule ulioungua. Moto hauna anuani ya kuuandikia barua. Ninyi mnayo.

Ninayowaomba ni haya, na hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi:

Kwanza, kabla mkonge-pori wowote haujaguswa tena, apite mtu anayejua kutofautisha tundu la mrukaji na tundu la fukusi, auwekee alama kila wenye kiwavi au kilango. Mikonge yenye alama isikatwe majani. Ikilazimika kuhamishwa, ihamishwe na majani yake yote, hata kama itachukua nafasi kubwa kwenye lori.

Pili, dawa isimwagwe tena kwenye mikonge-pori, na mtangaze hadharani ni mikonge ipi iliyokwishamwagiwa na lini, ili wanaohesabu vipepeo wajue wanahesabu nini.

Tatu, mbegu za palmeri zikusanywe kutoka kwenye milingoti iliyosalia upande wa juu, na kila pengo lijazwe kwa miche ya mkonge huohuo. Milingoti isiyoweza kufika barabarani ikianguka iachwe isimame.

Nne, mashine ya kusaga isirudi. Majani yaliyokwishakatwa yaachwe kivulini pale mteremkoni hadi mwisho wa Novemba. Kama kuna pupa aliyekwisha kukomaa kabla jani halijakatwa, bado anaweza kutoka.

Tano, orodha ya mkandarasi iongezwe safu moja ya kuandika kilichomo. Na vijana wanaokata waonyeshwe tundu lenyewe, kwa lugha wanayoisikia. Kazi hiyo nitaifanya mimi bila malipo, na yule kijana wa Uvira amesema atanisaidia.

Kuna jambo moja la haraka. Upande wa juu wa geti imebaki mikonge mitatu yenye vilango vya hariri ambavyo hadi jana jioni havijafunguka. Kimoja kimeanza kulegea ukingoni. Ratiba iliyobandikwa inasema mkandarasi anarudi tarehe 6 Oktoba kumalizia upande huo. Namwomba yeyote kati yenu aje kabla ya tarehe hiyo. Nitakuwa pale kila asubuhi saa moja, nina tochi ndogo na kioo cha mkononi, nitamshikia jani ili mwiba usimchome, achungulie mwenyewe.

Natanguliza shukrani.

Mkazi wa Tucson, mzaliwa wa Muheza